Viraka vya Tisini-na-Nane

Nianze kwa kusema wazi: mimi si mpole. Mtu akipanda ngazi zangu, akaitazama kompyuta yangu na kusema "eh, bado mnatumia hii?", chai yangu haipati. Hapa Madanpura, mtaa wa wafumaji mjini Banaras, India, wameshanizoea. Wakitaka kadi zao zitobolewe vizuri wanavua viatu mlangoni, wanaisalimu mashine kwanza, halafu mimi.

Inaitwa Tisini-na-Nane. Ndilo jina la mfumo wake wa uendeshaji, yaani mwaka uliotoka, na sisi tukalibandika kwa kompyuta nzima, kioo na sanduku na yote. Waliouunda walishaususa zamani. Hawautengenezi, hawauulizii hali. Lakini mashine ya kutobolea kadi iliyo pembeni yake haielewi mfumo mwingine. Tulijaribu mpya mara moja, mashine ikakaa kimya kama mkwe aliyeudhika, tukarudi tulikotoka.

Sari ya hariri ya Banaras haifumwi kwa kubahatisha. Juu ya kitanda cha mfumi, ule mtambo wa kufumia, zinaning'inia kadi, kila kadi ina matundu yake. Penye tundu uzi unainuka, pasipo na tundu uzi unalala, na kadi elfu mbili zikishapita ndipo ua linatokea kwenye hariri. Maua hayo alikuwa akiyachora marehemu baba yangu, Abdul Qayyum, mchora nakshi wa mtaa, kwenye karatasi za miraba, miaka hamsini. Macho yalipomwishia nikakaa mimi mbele ya Tisini-na-Nane nikaziingiza nakshi zake moja moja, mraba kwa mraba. Elfu moja mia moja na kumi na saba. Karatasi zenyewe mchwa walishazila. Nakala ninazo, ndiyo, kwenye visahani na vijiti vya kuhifadhia kumbukumbu, lakini programu inayozisoma haifunguki kwenye mfumo mwingine wowote, kwa hiyo nakala hizo bila Tisini-na-Nane ni barua zisizo na msomaji.

Basi kwa miaka ishirini na sita kazi yangu imekuwa kuitia viraka. Wako watu duniani wenye ukaidi kama wangu. Kuna mzee mstaafu wa Poland, kuna mama wa Brazili mwenye duka la vipuri vya cherehani, kuna wengine ambao sijui hata wanaishi wapi. Wanakutana kwenye ukurasa mmoja wa mtandao na wanautengenezea mfumo huo viraka, bure, kwa mapenzi tu. Kiraka cha kuifanya ikitambue kijiti. Kiraka cha kuifanya isichanganyikiwe ukiiongezea kumbukumbu. Nakichukua kwa simu, nakihamishia kwenye kijiti, nakipandisha juu. Yenyewe sijaiunganisha na mtandao wala sitaiunganisha, maana mzee wa umri ule humpeleki sokoni siku ya mnada.

Shida ilikuwa diski. Mwaka jana, mwezi wa Juni, umeme ulikatika kutwa nzima, na uliporudi diski ikagoma kuzunguka. Nilifungua sanduku nikaigonga kwa mpini wa mkasi, taratibu, mara tatu, huku nasoma kila dua niliyofundishwa. Ikaanza kuzunguka. Nikaapa haitazimwa tena. Binamu yangu Jallu, mfumaji, mtu wa maneno mengi kuliko nyuzi, akaleta betri mbili za bajaji ya umeme ya shemeji yake, tukazifunga, na tangu siku hiyo umeme ukatike usikatike Tisini-na-Nane iliwaka usiku na mchana. Nikaifunika kwa kipande cha hariri chenye maua ya baba. Wafumaji wakiingia wanasema kwa kunong'ona, utadhani ndani kuna mgonjwa amelala.

Kisha ikaanza kuganda. Kioo kinasimama, mshale hauendi, mashine inatoboa ovyo au haitoboi kabisa. Dawa yake ilikuwa kitufe kidogo cha kuianzisha upya, ambacho hakiisimamishi diski. Inarudi, inafanya kazi wiki na wiki, kisha siku isiyo na jina inaganda tena. Mara ya tatu iliganda katikati ya kazi kubwa, kadi elfu mbili zikaharibika, na vitanda kumi na vinne vikasimama siku mbili vikingoja.

Habari mbaya haina miguu lakini inafika. Jumapili moja ya mwezi wa Aghan, mwishoni mwa Novemba mwaka ule ule, baridi imeshaanza kuuma, Sardar Mohiuddin alipanda ngazi zangu akihema. Sardar ndiye mkuu wa wafumaji wa mtaa wetu. Neno lake kuhusu vitanda ndilo la mwisho, na mashine hizi mbili ni mali ya mtaa, mimi mwangalizi tu. Nyuma yake alikuja Tauqeer, mpwa wa Haji Sanaullah, mfanyabiashara wa sari. Shati limenyooka kwa pasi, ufunguo wa gari unazunguka kidoleni.

"Salaam aleikum, shangazi," akasema Tauqeer. "Mgonjwa anaendeleaje? Nasikia siku hizi ana kifafa."

"Mgonjwa anakusalimu sana. Alikuwa anauliza kama umeshajua kutofautisha uzi wa mtande na wa mshindio."

Jallu, aliyekuwa amekaa pembeni akingoja kadi zake, alipaliwa na tambuu. Sardar hakucheka. Aliketi, akaweka fimbo yake magotini.

"Qudsia, binti yangu," akasema, "Haji Sanaullah anataka kuleta mashine mpya na kompyuta yake. Ataiweka kwenye ghala lake. Kadi za mtaa mzima zitatobolewa kule."

"Na nakshi za baba?"

"Tunazihamisha, shangazi," akadakia Tauqeer. "Wataalamu wangu watakaa hapa mwezi mmoja wazichore upya. Zitakuwa salama, chini ya jina la kampuni."

Nikaelewa. Leo mfumaji yeyote akitaka ua la baba anapanda ngazi, namtobolea, anafuma, anamuuzia anayemtaka. Zikiingia chini ya jina la Haji, mfumaji atafuma anachoambiwa na kumuuzia aliyemwambia. Baba hakuwahi kumnyima mtu ua. Alikuwa akisema ua likikataliwa mtu mmoja linanyauka kwa wote.

"Sardar, unaacha mbachao kwa msala upitao," nikasema.

"Mbachao wenyewe umetoboka, binti yangu. Vitanda kumi na vinne, siku mbili. Watu wana watoto."

Nikaivuta hariri ifunike sanduku vizuri, na Tauqeer aliliona hilo. Akasogea mbele kidogo.

"Tena kuna jambo jingine, Sardar. Ijumaa hii ndiyo Ijumaa ya Aghan."

Ijumaa ya Aghan kwetu si siku ya mchezo. Tangu magharibi ya Alhamisi mpaka Jumamosi asubuhi kila kitanda kinasimama, hakuna anayegusa uzi wala bobini, tajiri na maskini sawasawa. Wanaume wote wanakwenda uwanjani kuswali na kuomba baraka ya kazi, na wakirudi kila mwenye kitanda amebeba miwa begani, fungu lake. Ndivyo walivyofanya babu zetu na babu wa babu zetu. Mwanamke hahesabiwi kitanda, kwa hiyo mimi sijawahi kupewa fungu. Jallu hunikatia pingili moja ya muwa wake.

"Kila chombo cha kazi kinasimama," Tauqeer akaendelea, sauti imekuwa ya mtu mcha Mungu. "Hii inawaka usiku na mchana. Kama desturi ni desturi, nayo izimwe. Au sheria ni ya wenye vitanda tu?"

Alijua. Mtaa mzima ulijua kwamba ikizimwa huenda isiamke. Kijana ambaye hajawahi kuchomwa na uzi alikuwa ameshika desturi yetu mkononi anitie nayo kabali. Nilitamani kumrushia gilasi ya chai.

Sardar aliigeuzageuza fimbo magotini. "Kijana ana haki," hatimaye akasema. "Mtu hawezi kusimamisha kitanda chake huku mashine inanguruma juu ya kichwa chake. Itazimwa kabla ya magharibi ya Alhamisi. Jumamosi asubuhi tutakuja. Ikiamka na kutoboa kadi safi, hakuna mashine ya Haji."

"Isipoamka?"

Akaangalia fimbo yake. "Isipoamka, nakala za nakshi ziende kwa Haji, wataalamu wake watafute namna ya kuzisoma. Sitaki kulisema mara mbili."

Walipoteremka Jallu alibaki. "Dada, sasa?"

"Sasa toka nje, nataka kulia."

Akatoka. Nikalia vizuri, sikujibana, nikajifuta kwa ncha ya shali, nikala kachori mbili zilizobaki asubuhi. Halafu nikaangalia kalenda ukutani. Kila ilipoganda nilikuwa nimeandika tusi kwa wino mwekundu. Matusi matatu. Nikamwita Jallu arudi.

"Jallu, we hodari wa kuhesabu. Kutoka tusi la kwanza mpaka la pili siku ngapi?"

Akahesabu kwa vidole, anavyohesabu nyuzi, nne nne. "Hamsini kasoro."

"Na la pili mpaka la tatu?"

"Hamsini kasoro." Akanikazia macho. "Dada, jini gani lina kalenda?"

"Na kutoka siku tulipofunga betri za shemeji yako mpaka tusi la kwanza?"

Hakuhitaji kumaliza vidole.

Nikawaandikia wakaidi wenzangu kule kwenye ukurasa wetu. Kabla ya adhuhuri mzee wa Poland alikuwa ameshajibu. Alisema hilo si jini wala si ugonjwa wa uzee, ni hesabu. Ndani ya mfumo kuna saa inayohesabu sehemu za elfu za sekunde tangu kompyuta ilipowashwa. Chombo cha kuwekea hesabu hiyo kinajaa baada ya siku arobaini na tisa na saa kumi na saba. Kikijaa hesabu inarudi sifuri, na mfumo unachanganyikiwa. Kiraka chake kipo tangu zamani, akanipa. Kisha akauliza, kwa adabu ya kizungu: mbona kwa miaka yote hiyo hamkuwahi kukutana na jambo hili?

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Umeme wa Madanpura haujawahi kudumu siku tisa, seuze arobaini na tisa! Miaka yote tulipokuwa tukiulaani umeme kwa kukatika, ulikuwa ukiiponya Tisini-na-Nane kila wiki bila sisi kujua. Sisi ndio tuliomnyima mzee usingizi. Tukamfungia betri za bajaji, tukamfunika hariri, tukamnong'onea, na yeye alichotaka ni kulala tu.

"Kwa hiyo," akasema Jallu polepole, "tumeiumiza kwa kuipenda."

"Ndiyo."

"Basi mke wangu asisikie. Atataka nimpumzishe."

Kosa lile nilikuwa nimeshalijua. Iliyobaki ilikuwa diski, na siku nne. Kiraka chenyewe kilihitaji nusu saa. Lakini kiraka bila diski ni kumtia kofia mpya mtu asiye na kichwa.

Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu wa Nai Sarak nikachagua kompyuta kuukuu, kabila moja na yangu. Kwa mpiga picha wa harusi nikapata kadi ya kumbukumbu ya kamera, ndogo kama biskuti, isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, na kipande cha kuiunganishia mahali pa diski. Nikaiweka kadi hiyo kwenye kompyuta ya chakavu, kisha nikavuta waya kutoka tundu la printa la Tisini-na-Nane mpaka tundu la printa la ile nyingine. Kuizima ili niingize kadi moja kwa moja sikuthubutu. Vitu vikaanza kuhama, faili moja moja, kwa mwendo wa mzee anayepanda ngazi za mtoni. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jallu alikuja kila baada ya swala kuuliza imefika wapi, nami nikamfukuza kila mara. Sabiha mke wake alileta wali na dengu, akakaa kunitazama nikila ili ahakikishe.

Jumatano alasiri Tauqeer alichungulia mlangoni. "Shangazi, unahamisha nyumba?"

"Nasuka nywele. Pita huko."

Alhamisi baada ya alasiri faili ya mwisho ilivuka. Nikatia kiraka. Nikaiwasha ile ya chakavu, mfumo ukaamka kwenye kadi ya kamera, nakshi zote zipo, nikazihesabu. Lakini ile haikuwa na mashine ya kutoboa wala bodi ya kuiendesha. Kama kadi ingekubali kukaa ndani ya sanduku la Tisini-na-Nane, hilo sikulijua, na muda wa kujaribu haukuwepo. Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la msikiti. Chini mtaani vitanda vilikuwa vikinyamaza kimoja kimoja, ule mlio wa taka-tak niliozaliwa nao ukipungua mpaka kikabaki kitanda kimoja, kisha nacho kikanyamaza.

Nikaitoa ile hariri. Nikaweka mkono juu ya sanduku, bado lina joto. "Lala," nikaiambia, nikaizima. Diski ikapunguza mwendo, ikalia kidogo, ikasimama. Niliogopa kama siku ile nilipomfumba baba macho, na sioni haya kusema hivyo.

Ijumaa mtaa ulikuwa kimya. Wanaume walikwenda uwanjani na kofia nyeupe, wakarudi na miwa, watoto wakatema makapi kila kona. Jallu akaniletea pingili yangu. Nikaiweka dirishani.

Jumamosi walikuja wote waliotoshea, na wasiotoshea wakajaa ngazini. Sardar aliketi mbele. Tauqeer alisimama karibu na mlango, ufunguo unazunguka. Kwanza niliiwasha na diski yake ile ile, kwa haki. Kimya. Nikagonga kwa mpini wa mkasi mara tatu, mara sita. Diski ilikuwa imekufa. Mtu ngazini akasema "inna lillahi", na Tauqeer akainamisha kichwa kama mfiwa.

Nikaizima, nikafungua sanduku, nikaing'oa diski, nikaitia kadi ya kamera mahali pake.

"Ngoja, ngoja," akasema Tauqeer. "Sardar, hii si ile. Amebadilisha roho yake. Mlikubaliana iamke ile, si nyingine yenye sura yake."

Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakatikisa kichwa kukubali. Nilifungua mdomo nimpe lake, lakini Sardar aliinua mkono.

"Mwanangu, wewe mpwa wa mfanyabiashara, si kosa lako," akasema. "Kitanda changu alikifunga babu yangu. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zinapokwisha hatukifungui. Tunachukua ncha ya uzi mpya tunaisokota kwenye ncha ya uzi wa zamani, uzi kwa uzi, elfu tano, kisha tunavuta. Hakuna hata uzi mmoja wa babu uliobaki pale. Unataka kuniambia sifumi kwenye kitanda cha babu?"

Wafumaji walicheka, na ile minong'ono ikageuka upande wangu.

"Endelea, Qudsia."

Nikabonyeza. Feni ikazunguka. Kioo kikawaka, kikaandika mstari mmoja mweupe, kikasimama. Ilikuwa haijui diski iko wapi. Ilikuwa haijui hata ni mwaka gani. Kisha nikaelewa, nikataka kujizaba kofi. Ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo bapa, ndogo kama sarafu, inayoikumbusha mambo yake ikiwa imezimwa. Tangu Juni mpaka Alhamisi ile haikuzimwa hata mara moja, na betri ile ilikuwa imekufa bila mtu kujua. Nilikuwa nimeshughulikia kila kitu isipokuwa kitu cha ukubwa wa kifungo.

Nikaijazia yote kwa mkono, naijua kwa moyo. Ikajianzisha upya, ikasahau. Nikajaza tena. Ikasahau tena. Betri ya ile kompyuta ya chakavu ilikuwa imechomelewa kwenye bodi, haitoki.

"Nahitaji betri bapa," nikasema. "Ndogo, ya duara. Nani ana mizani ndogo ya betri? Kipimo cha sukari? Chochote."

Watu wakajipapasa mifukoni. Miswaki, tasbihi, vikopo vya tambuu. Maduka hayajafunguliwa, siku inayofuata Ijumaa ya Aghan watu huchelewa.

"Sardar, vitanda vinangoja," akasema Tauqeer, kwa upole kabisa, na ufunguo wake ukazunguka kidoleni mara moja zaidi.

Jallu aliuona kwanza. Aliutazama ule ufunguo, mnene, mweusi, ule wa kufungulia gari kwa mbali kwa kubonyeza, kisha akanitazama mimi, na meno yake mekundu yote yakaonekana.

"Dada," akasema, "ule unatumia betri gani?"

Nikasimama. "Tauqeer, mwanangu. Naomba ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa gari."

Aliurudisha kiganjani haraka, lakini ameshachelewa. Watu arobaini walikuwa wakiutazama. Sardar akanyoosha mkono. Tauqeer alitazama mlango, akatazama ngazi zilizojaa wafumaji, akafyata mkia, akampa.

Nikaupasua kwa ncha ya mkasi. Betri bapa, ya duara, inang'aa. Ukubwa ule ule. Nikaitia mahali pake, nikajaza kwa mara ya tatu. Ikajianzisha upya. Mstari mweupe ukaja, ukapita. Kioo kikawa samawati, mawingu yakatokea, na ule wimbo wake wa kuamka, ule ambao hatukuwa tumeusikia muda mrefu kwa kuwa spika ilikuwa imezibwa na vumbi nililolipangusa wiki ile, ukatoka kwa mkwaruzo mpaka ngazini.

Nikafungua nakshi ya kwanza ya baba, ua la embe lenye vijani kumi na viwili, nikaituma. Mashine ya kutoboa ilitulia kidogo kama inayofikiri. Kisha ta, ta, ta, ta. Kadi ya kwanza ikatoka. Sardar akaiinua dirishani, jua likapita kwenye matundu na kumpaka madoa usoni, akayasoma moja moja kwa ukucha kama anavyosoma tangu utotoni.

"Safi," akasema.

Basi wakapiga kelele, mimi nikiwa wa kwanza. Jallu alinikumbatia mbele ya watu akaonywa na Sabiha kutoka ngazini. Nyuma yao wote nilimwona Tauqeer akiokota vipande vya ufunguo wake.

"Mwanangu," nikamwambia, "ndani yake kuna ufunguo wa chuma. Ule wa kizamani. Huo unafungua mlango siku zote."

Alikuwa na adabu ya kutosha kutabasamu, nusu. Akateremka.

Sardar hakuteremka. Alingoja kadi mia zitoke, bila kosa hata moja, kisha akampa Jallu ishara. Jallu akatoka, akarudi amebeba begani muwa mzima, mrefu, majani bado kileleni, umegonga dari langu na kuangusha vumbi.

"Nimeuweka kwangu tangu jana," akasema Sardar. "Sikujua kama utakuwa wa sherehe au wa matanga, nikasema ukae kwanza. Fungu la Ijumaa ni la kila mwenye kitanda. Kwenye daftari nimeandika: Qudsia binti Abdul Qayyum, mchora nakshi. Na hiyo nayo," akaielekezea fimbo Tisini-na-Nane, "kila Ijumaa izimwe. Ipumzike kama sisi."

Niliupokea muwa kwa mikono miwili. Walipokwisha kuondoka na vitanda kuanza tena chini, kimoja baada ya kingine, nilikaa mbele ya mashine, nikaukata muwa kwa mkasi ule ule, nikaumenya kwa meno kama nilivyowaona wanaume wakifanya tangu nikiwa mtoto. Ulikuwa mtamu mpaka taya zikauma. Kadi ziliendelea kutoka, nami sikuziangalia kwa muda.